Aliyeshika Usukani

Kokuberwa alijifunza kuendesha pikipiki akiwa amekwisha kuvuka miaka arobaini, umri ambao wenzake wa kwaya ya usharika walikuwa wanajifunza kupunguza chumvi. Alijifunzia kwenye rweya, ule uwanda mpana wa majani ulio nyuma ya nyumba yao pembeni mwa mji wa Muleba, na aliyemfundisha alikuwa mumewe Lameki, ambaye ni mwalimu kweli, wa hesabu, katika shule ya msingi iliyo jirani. Lameki alimfundisha kama anavyofundisha darasa la nne: hakuingia hatua mpya kabla ile ya nyuma haijakaa kichwani. Klachi siku nzima. Gia siku nzima. Siku ya breki alimwaga ndoo ya maji kwenye majani akamwambia, "Penye utelezi, ukibana breki ya mbele umeanguka. Mkono wako utataka kubana. Ukatalie."

Sababu ya yote hayo ilikuwa kuku.

Kokuberwa alikuwa mchanjaji wa kuku. Idara ya mifugo ilikuwa imewafundisha akina mama wachache wa wilaya, na yeye ndiye aliyeishika kazi hiyo hasa: kwenda nyumba kwa nyumba, kumshika kuku, kumdondoshea tone la chanjo jichoni, kumwachia aende. Kabla yake, ugonjwa wa mdondo ulikuwa ukipita kijijini na kuacha mabanda matupu. Na kuku wa mama wa kijijini si kitoweo tu. Ni sare ya shule, ni nauli ya kwenda kumwona mgonjwa, ni heshima ya kumpokea mkwe. Tatizo lilikuwa miguu. Chanjo hukaa kwenye sanduku la barafu, na barafu haimsubiri mtu anayepanda vilima kwa mguu. Vijiji vya mbali hakuvifikia, na kuku wa huko waliendelea kufa.

Wakati huohuo pikipiki ya Lameki ilikuwa inashinda shuleni chini ya mparachichi.

"Inakaa kivulini siku nzima kama bwana mkubwa," Kokuberwa alisema siku moja wakila. "Mimi natembea."

Basi akajifunza, akafanya mtihani, akapata leseni yake. Watu hawakukosa la kusema. Kahigi, mzee wa kanisa mwenye mzaha usiokwisha, alimwuliza Lameki mbele ya watu baada ya ibada, "Mwalimu, siku hizi nyumbani kwako nani anampakia nani?" Watu wakacheka, na Lameki akacheka nao. Lakini kicheko chake kilikuwa kifupi, na Kokuberwa, aliyekuwa amesimama karibu akiongea na mama mchungaji, aliusikia ufupi ule.

Ajali ilitokea Novemba, mvua za vuli zikiwa zimekolea. Kokuberwa alikuwa anarudi kutoka Bukoba mjini, alikokwenda kuchukua chanjo. Alikuwa amepita Rwamishenye, akapita Kemondo, na baada ya Muhutwe akaanza kushuka mteremko wenye kona. Lami ilikuwa imelowa. Chini ya mteremko kulikuwa na watoto waliotoka shule, wanatembea pembeni kwa mstari, na lori la mchanga lilikuwa linapanda kutoka upande wa pili.

Upepo ukapeperusha daftari la mtoto mmoja. Daftari likaangukia katikati ya barabara, na mtoto akalifuata. Aliinama kuliokota akiwa ameipa pikipiki mgongo.

Baadaye Kokuberwa alijaribu mara nyingi kukumbuka kama aliwaza chochote. Alikumbuka tu kwamba kulia kwake kulikuwa na lori, mbele yake kulikuwa na mgongo wa sweta la bluu, na kushoto, nyuma ya mstari wa watoto wengine, kulikuwa na nafasi nyembamba, kisha mtaro, kisha ukingo wa kibanja cha mtu, shamba la migomba na kahawa. Mkono wake wa kulia ulitaka kubana breki. Aliukatalia. Akaingiza pikipiki kwenye ile nafasi, akaruka mtaro, akapiga ukingo wa udongo, na pikipiki ikamwangukia kwenye shina la mbuni.

Mwenye kibanja, bibi mmoja mjane aitwaye Alistidia, alikuwa anakata majani makavu ya migomba hatua chache kutoka pale. Aliteremka na panga lake mkononi, akamkuta mtu amelala chini ya pikipiki, kofia ngumu kichwani, anajaribu kuinuka.

"Mtoto?" Kokuberwa aliuliza.

"Mtoto mzima. Yule pale, analia tu."

"Na sanduku?"

Alistidia hakuelewa. Alipoelewa, akalitafuta, akalikuta limeviringika mpaka kwenye migomba, kamba zake bado zimefunga. Kokuberwa alimwomba afungue aangalie. Barafu ilikuwepo. Vichupa vilikuwa vizima. Hapo ndipo alipokubali kulala tena chini na kusema kwamba mkono unamuuma.

Ulikuwa umevunjika, karibu na kiganja. Zahanati walimfunga bendeji, hospitali wakamfunga plasta, na kabla jua halijazama alikuwa nyumbani, amekaa sebuleni na mkono wake shingoni, anampigia simu mchanjaji mwenzake ili zile chanjo zisipotee.

Lameki alipata habari akiwa darasani. Alipoona mkewe anapumua na kuongea, alimshukuru Mungu kwa kunyamaza, kama ilivyo desturi yake, kisha akashughulikia pikipiki. Asubuhi iliyofuata aliikodia gari dogo la mizigo, akaipeleka Rwamishenye kwa Bashiri, fundi aliyekuwa anaitunza tangu iliponunuliwa.

Bashiri aliizunguka mara mbili. Akapiga magoti, akatazama shingo ya chesisi, akawasha injini. Injini ikaitika.

"Moyo ni mzima," alisema. "Lakini mbele imekwisha. Shokapu zote mbili, rimu, usukani, taa, tangi. Na hapa shingoni chesisi imepinda. Inatengenezeka, Mwalimu. Nitainyoosha na itakwenda. Ila haitakuwa fedha ya mchezo. Una bima gani?"

"Bima kubwa."

Bashiri akasimama, akafuta mikono. "Basi kwa nini unanisumbua? Nenda bima."

Ni kweli, ilikuwa na bima kubwa. Lameki aliinunua pikipiki hiyo kwa mkopo wa chama cha walimu, na chama hakikuwa kinatoa chombo bila bima kubwa. Mkopo ulipokwisha, Lameki aliendelea kuikata kila mwaka, kwa sababu yeye ni mtu wa kuendeleza alichokianza. Akaenda moja kwa moja mjini kwa wakala, kijana mmoja mchangamfu aitwaye Dastan, aliyekuwa na meza yake kwenye chumba cha mbele cha duka la vifaa vya ofisi.

Dastan alitazama picha kwenye simu ya Lameki, akatikisa kichwa kwa furaha kidogo.

"Hii wataihesabu kuwa imekufa, Mwalimu. Wakiona chesisi imepinda hawabishani. Watachukua mabaki, watakulipa thamani yake, wewe unaongezea kidogo unanunua mpya. Umebahatika."

Kisha akafungua mkataba, akausoma, na uchangamfu wake ukapungua.

"Dereva uliyetajwa ni wewe peke yako. Nani alikuwa anaendesha?"

Lameki alianza kujibu, na Dastan akainua kiganja.

"Ngoja, usinijibu. Nimeuliza vibaya. Polisi mmekwisha kutoa maelezo?"

"Bado. Tulikuwa hospitali."

"Basi maelezo yako ndiyo yatakayoandikwa. Mkeo ameumia, sawa, mtu aliyepakiwa huumia pia. Ni jambo la kawaida kabisa mume kumpakia mkewe." Aliufunga mkataba taratibu. "Mimi sijasema kitu, Mwalimu. Nimesema tu kwamba ni jambo la kawaida."

Lameki alirudi Muleba kwa basi dogo, ameegemea dirisha, mashamba yanapita machoni pake lakini hayaoni.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Kwa kuwa mkono wa Kokuberwa ulikuwa umefungwa, Lameki ndiye aliyekuwa anamenya ndizi, amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, anamenya vibaya, kila ganda linaondoka na kipande cha chakula. Kokuberwa alikaa kwenye mkeka karibu naye.

"Dastan anasema inalipika," Lameki alisema.

"Vizuri."

"Tunapata mpya. Ila kuna jambo moja. Kwenye mkataba dereva ni mimi tu. Niliandika hivyo zamani, ulikuwa hujajifunza."

"Basi hailipiki."

"Inalipika, kama nilikuwa naendesha mimi."

Kokuberwa alimtazama. "Wewe ulikuwa darasani, Baba Hellen. Mbele ya watoto."

"Nani atakwenda kuwauliza watoto?"

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Lameki aliendelea kumenya. "Nyuma. Nilikuwa nimekupakia."

Kuku mmoja alikuja, akadonoa ganda, akaondoka nalo. Kokuberwa alingoja mpaka Lameki akachukua ndizi nyingine.

"Kwa hiyo aliyemkwepa mtoto ni wewe."

"Mama Hellen, hili si suala la sifa. Ni chombo. Na ni wewe utakayekitumia, si mimi. Nafikiria kazi yako."

"Najua unafikiria kazi yangu. Sikatai." Alisogeza mkono wake uliofungwa, akauweka vizuri juu ya goti. "Lakini nikuulize jambo moja, na unijibu kama mtu aliyesimama kanisani. Ni chombo tu? Au kuna raha kidogo pia, watu wakisikia kwamba aliyeshika usukani alikuwa wewe?"

Lameki alimenya ndizi zote zilizobaki, akaziosha, akazitia sufuriani, akakoleza moto. Walikula ndizi na maharage. Jioni, alipokuwa anafunga mbuzi, alisema bila kumgeukia, "Nitakwenda kuona mahali penyewe kabla ya kwenda polisi. Lazima niweze kueleza."

"Nitakwenda na wewe," Kokuberwa alisema. "Siendi kukusaidia kusema uongo. Naenda kumwona mtoto."

Kesho yake walishuka kwenye basi dogo juu ya mteremko, wakatembea mpaka mahali penyewe. Mvua ilikuwa imenyesha tena, lakini alama zilikuwepo. Kwenye ukingo wa udongo kulikuwa na tundu kubwa kama la mtu aliyechimba kwa jembe, na mbuni mmoja ulikuwa umevunjika kwenye shina, matawi yake yamelala chini na kahawa mbichi bado zimeshika. Lameki alisimama pembeni mwa barabara na kutazama. Hakuwa mtu wa kutazama haraka. Alitazama kona, akatazama mteremko, akatazama mahali lori lilipokuwa limepita, akatazama ile nafasi kati ya barabara na mtaro.

"Watoto walikuwa wapi?"

"Hapo ulipo. Mstari mzima mpaka pale penye jiwe."

"Na yule mwenye daftari?"

Kokuberwa alimwonyesha. Lameki akaenda akasimama pale, katikati ya njia, kisha akageuka akaangalia juu, kule pikipiki ilikotokea. Alikaa pale mpaka Kokuberwa alipomwambia kuna gari linakuja.

Alistidia alikuwa amekwisha kuwaona kutoka juu. Aliteremka akiwa na kanga mabegani, na alipomtambua Kokuberwa alimshika mabega kwa mikono miwili, akamwamkia kwa Kihaya, akamwuliza usiku wake, mkono wake, watoto wake. Kisha akamgeukia Lameki.

"Huyu ndiye mume?"

"Ndiye," Kokuberwa alisema.

Bibi alimtazama Lameki kuanzia viatu mpaka kofia. "Waitu," alisema, kwa heshima ya Kihaya, "umeoa."

Hakumpa nafasi ya kujibu. Aliwavuta mpaka nyumbani kwake, akawakalisha, akawaletea akamwani, kahawa ya kutafuna, katika kikapu kidogo kilichofumwa vizuri, na wakiwa wanatafuna akaanza kusimulia. Hakujua Lameki alikuja pale kwa sababu gani. Alisimulia kwa sababu alikuwa amekwisha kuisimulia habari ile kwa kila mtu kijijini na bado haijamwishia.

"Nilikuwa nimesimama palepale penye ule mgomba. Lori linapanda, linaunguruma. Mtoto kaingia barabarani, huyu mdogo wa nyumba ya Klaudia. Nikasema moyoni, leo tunazika. Halafu naona pikipiki. Mimi nimeona ajali nyingi kwenye kona hii, mwalimu. Nimeona wanaume wanapiga kelele, wanaachia usukani, wanafumba macho. Huyu hakufumba. Alikuwa anaangalia anakokwenda. Aliupeleka ule mtambo mtaroni kama mtu anayepeleka ng'ombe zizini. Nilidhani ni kijana. Nilipofika chini nikamvua kofia, nikaona ni mama. Na anachouliza ni mtoto. Halafu anauliza sanduku lake, eti lina dawa ya kuku." Alicheka, akafuta macho. "Dawa ya kuku. Mkono umevunjika."

Lameki alikuwa ameinamisha kichwa, anatafuna kahawa yake pole pole.

"Mbuni wako tumeuvunja, bibi," alisema. "Tuambie fidia yake."

"Utachipua. Mbuni ni mti." Alistidia alimpuuza kwa mkono. "Wasichana wa hapa wanauliza huyu mama anatoka wapi. Nawaambia Muleba. Wanauliza alifundishwa na nani kuendesha namna ile. Hilo sikuwa najua la kuwajibu."

Kokuberwa akasema, "Alinifundisha huyu."

Bibi akamtazama Lameki upya, na safari hii akainamisha kichwa kwa adabu, kama mtu anayeongeza kitu kwenye hesabu yake.

Kwa Klaudia hawakukaa. Mtoto, msichana wa darasa la pili, alijificha nyuma ya mlango akakataa kutoka, na mama yake alikuwa anashukuru na kuomba radhi kwa pamoja mpaka Kokuberwa akaona aibu. Mwishoni mtoto alitoa kichwa, akatazama plasta, akauliza kama inauma.

"Inawasha tu," Kokuberwa alimwambia. "Daftari lako ulilipata?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa, akajificha tena.

Njiani, wakipanda kurudi kituo cha basi, Lameki alitangulia mpaka karibu na juu. Kisha akasimama.

"Mimi ningebana breki," alisema.

"Nini?"

"Nimesimama pale nimeangalia. Nimepiga hesabu kila namna. Kwa mteremko ule, na utelezi ule, mimi ningebana breki. Ninafundisha watu wasibane, lakini najijua. Ningeteleza nimelala, na ningempata mtoto kwa ubavu wa pikipiki, au lori lingenipata mimi." Alivua kofia, akaivaa tena. "Sasa niende polisi nikaseme ni mimi?"

Kokuberwa alimsogelea, akamshika kiwiko kwa mkono wake mzima.

"Umeniuliza jana kama kuna raha kidogo. Ilikuwepo. Kahigi na maneno yake yalikuwa yananichoma, na nilidhani hayanichomi. Nilitaka nifunge mdomo wa Kahigi kwa jambo ulilolifanya wewe." Akashika begi la mkewe, ambalo tayari alikuwa amelibeba, akalihamishia bega jingine. "Twende. Kituo cha polisi bado kiko wazi."

Askari wa usalama barabarani waliyemkuta kituoni alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyechoka na mvua. Alivuta kiti, akachukua kalamu, akamtazama Lameki.

"Wewe ndiye dereva?"

"Hapana," Lameki alisema. "Dereva ni mke wangu. Leseni yake hii."

Alisema hivyo akiwa ameketi wima, kama anavyoketi pale mkaguzi wa shule anapokuja, na aliiweka leseni mezani kwa mikono miwili. Askari akageuza kiti chake kidogo, akamwelekea Kokuberwa, na Kokuberwa akaeleza yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa Kiswahili chake cha taratibu. Lameki hakuongeza neno. Mara moja tu, alipofika pale pa kuukatalia mkono, Lameki aliitikia kwa kichwa kama anavyofanya mtoto wa darasani anapopata jibu.

Walipeleka madai bima hata hivyo, na walipeleka ukweli. Dastan alipoyasoma alishusha pumzi.

"Mwalimu, mimi nilikusaidia."

"Ulinisaidia," Lameki alisema. "Lakini ulichotaka nikichukue si changu."

Jibu lilikuja kama walivyotarajia: dereva hakutajwa, hakuna malipo. Kokuberwa hakulalamika, wala hakumlaumu mtu. "Tuliandika jina moja," alisema. "Hawakutudanganya." Siku ya kukata bima mpya, Dastan mwenyewe ndiye aliyeuliza jina la pili linaandikwaje, na aliliandika polepole, herufi kwa herufi, huku Kokuberwa akiangalia.

Kulikuwa na fedha za kahawa walizoziweka kwa ajili ya kusakafia sebule. Walizijadili jioni moja tu.

"Sakafu itangoja," Kokuberwa alisema. "Kuku hawangoji." Na Lameki akapeleka fedha Rwamishenye.

Bashiri alichukua muda wake. Shokapu na rimu alivipata kwenye pikipiki nyingine iliyokufa upande wa nyuma, tangi aliletewa kutoka Mwanza kwa meli, na shingo ya chesisi aliinyoosha mwenyewe, akaipima, akainyoosha tena. Kwa muda huo wote Kokuberwa alifanya kazi kwa mguu, sanduku likiwa limening'inia begani upande wa mkono mzima, vijiji vya karibu tu. Wenye kuku walimshikia kuku, yeye akadondosha tone kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni tone liliangukia mdomoni, shingoni, popote. Kabla plasta haijatolewa, mkono wa kushoto ulikuwa umejifunza.

Siku ya kuichukua pikipiki walikwenda wote wawili. Bashiri aliitoa nje, ameifuta mpaka inang'aa, akamnyooshea Lameki ufunguo.

Lameki hakuupokea. Alimwonyesha mkewe kwa kidevu.

"Mwenyewe yule."

Bashiri akamkabidhi. "Kuna kitu nikuambie, mama," alisema. "Nimetengeneza pikipiki nyingi zilizoanguka. Ukiifungua unajua mtu aliangukaje. Hii haikuanguka. Hii ilipelekwa."

Kokuberwa aliwasha injini, akasikiliza, akajaribu breki moja na nyingine, akazungusha usukani kushoto na kulia mpaka aliporidhika. Mkono wake wa kulia ulikuwa mwembamba kuliko wa kushoto, lakini ulishika. Lameki akavaa kofia yake ngumu, akapanda nyuma na mwavuli wake mapajani, na wakaondoka Rwamishenye kuelekea Muleba, mchana kweupe, siku ya gulio, barabara imejaa watu wanaowajua na wasiowajua. Kemondo walipunguza mwendo kwa sababu ya ng'ombe, na pale pembeni alikuwepo Kahigi, anapatana bei ya dagaa. Aliwaona. Alifungua mdomo.

"Habari za leo, mzee," Lameki alimwamkia kwa sauti kubwa, na akainua kofia yake kadiri kamba ilivyoruhusu.

Kwenye mteremko wa baada ya Muhutwe, Kokuberwa alipunguza gia mapema. Lameki hakumshika kwa nguvu zaidi. Walipita kwa mwendo wa kawaida, wakaiacha kona nyuma yao, na mbele kidogo Kokuberwa alianza kuimba kwa sauti ya chini, sehemu yake ya soprano, bila kujua kwamba anaimba.

Mwaka uliofuata alivifikia vijiji ambavyo hakuwahi kuvifikia, na mdondo ulipopita tena upande wa Muleba, kulikuwa na mabanda mengi ambayo haukupata cha kuchukua. Kwenye mkutano mmoja wa wilaya walimwita mbele, wakampa kitenge na cheti. Alivaa kitenge. Cheti Lameki alikitundika sebuleni, kwenye ukuta uliokuwa bado hauna sakafu chini yake.

Lakini kinachoongelewa zaidi shuleni kwa Lameki si cheti. Ni ile ajali. Mwalimu mgeni hawezi kumaliza wiki ya kwanza bila kusimuliwa, na wenyeji wameisikia mpaka wanaweza kuimalizia. Kila mwaka mteremko unakuwa mrefu zaidi. Lori lilianza kuwa la mchanga, likawa la magogo. Siku moja Kokuberwa alipita shuleni kumletea mumewe chakula alichokuwa amekisahau nyumbani, akamkuta katikati ya habari, amesimama, mikono yake imeshika usukani usiokuwepo, anawaambia walimu wawili wapya kwamba malori yalikuwa mawili, yanapishana.

Kokuberwa aliweka chakula mezani.

"Lilikuwa moja, Baba Hellen," alisema.

"Moja," Lameki alikubali, bila kuona haya hata kidogo. "Lakini lilikuwa kubwa. Kaa hapa, uwaeleze mwenyewe."

Akamvutia kiti.